Kiraka Kisichoonekana

Clarrie Venning alikuwa fundi wa ndege ndogo huko magharibi mwa Queensland, na kiburi chake kilikuwa kimoja tu: kiraka chake hukioni. Wenzake walibandika kipande cha bati, ribiti, zile pini za kushikilia bati, zikatokeza kama vipele. Yeye alizilaza zote, akapiga msasa, akapaka rangi, na hata mkaguzi angepapasa asikione. Jamani, mikono alikuwa nayo, hilo hatumnyimi.

Miaka miwili nyuma, mtu mmoja aliyekuwa akiuza ndege yake alimwomba azibe ufa kwenye bawa, wala asiandike kitu kwenye daftari la ndege. Mnunuzi alikuwa njiani. Kila ncha ya ufa hutobolewa kitundu ili usiendelee kutambaa, kazi ya dakika tano. Clarrie hakutoboa. Aliufunika hivyo hivyo, akatia sahihi kwamba ndege ni nzima. Mnunuzi alikuwa bosi wa Noreen, binti wa Clarrie, rubani wa kuswaga ng'ombe kutoka angani.

Jumatatu hii asubuhi ndipo alipomfuata Noreen uwanjani, kisu mkononi.

"Usiirushe hii, mwanangu. Bawa la kushoto lina kiraka changu."

"Baba, hili bawa nalifuta kila siku. Kiko wapi? Au ndiyo uzee umebisha hodi?"

Alikwangua rangi mpaka ribiti zikaonekana, na pembeni mwa kiraka ufa ukachomoza, umetambaa shibiri nzima kuelekea shina la bawa. Noreen aliupitishia kidole. Utani ulimwisha.

"Ulijua tangu lini kwamba hukutoboa?"

"Tangu siku ile ile."

"Wiki mbili zilizopita nilimpakia Tess humu. Mjukuu wako, Baba. Ulisimama getini ukatupungia mkono."

"Nilitaka kusema."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Clarrie alifuta kisu kwenye suruali, akakifuta tena. Noreen alimtazama, na jibu likamjia lenyewe.

"Umestaafu na kurudisha leseni yako ya ufundi lini?"

"Ijumaa."

"Bila doa?"

"Bila doa. Miaka arobaini na moja."

"Hongera," alisema Noreen, akaenda kumpigia bosi wake simu.