Mibuni Elfu Mbili Mia Tano Ishirini na Moja

Jumatano moja ya Mei 1967, wiki moja baada ya kumzika mzee Rugaibula wa Kishanda, wanawe watatu walimaliza kuhesabu mibuni ya kibanja chake. Ilikuwa elfu mbili mia tano ishirini na moja. Dada yao Kokuberwa, aliyeipalilia miaka ishirini, angewatajia idadi hiyo bila kuinuka jikoni, ila hakuna aliyemuuliza. Naye alitaka fungu lake, na alishasema.

Balozi wa nyumba kumi, Mushumbusi, alisema Azimio la Arusha limeshatangazwa, mafungu yawe sawa. Wakagawa kwa tatu: kila mmoja mia nane arobaini, ukabaki mbuni mmoja. Byarugaba, kifunguamimba, aliutaka. Wadogo zake wakakataa katakata. Wakaukata. Baada ya chai wakahesabu upya: elfu mbili mia tano ishirini na moja. Wakapanda mmoja wa nyongeza. Mwingine ukakauka papo hapo, kwa adabu.

"Namba hii ina kichwa kigumu," alisema Mushumbusi. "Tuongeze watu."

Wakamwongeza baba mdogo. Wakawa wanne, ukabaki mmoja. Akaja binamu wa Hamugembe. Watano, ukabaki mmoja. Ikahesabiwa mimba ya mke wa Clavery, mmoja wa wadogo wa Byarugaba, iliyopigiwa kura kuwa ni ya mvulana. Sita, ukabaki mmoja. Marehemu mwenyewe akatoka kaburini nyuma ya nyumba, akapangusa udongo mabegani na kuwa wa saba. Hakumtazama binti yake. Ukabaki mmoja. Rubisi, pombe ya ndizi, ikamiminwa, wakavutwa wapita njia watatu waliokuwa wakienda gulioni, na kwa kila baki watu walishangilia kama wamefunga goli. Kwa nane, mmoja. Kwa tisa, mmoja. Kwa kumi, mmoja!

"Waitu, watu wamekwisha," alisema Mushumbusi, akihema.

"Na mimi?" aliuliza Kokuberwa. Alikuwa amesimama katikati yao na kibuyu cha rubisi mkononi.

"Wewe utaolewa," alisema Byarugaba.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na maneno hayo yalimuuma kama siku ya kwanza alipoyasikia.

Mbuni wa ziada ukang'oa mizizi yake, ukaikung'uta, ukaja kusimama nyuma ya Kokuberwa. Mushumbusi akahesabu iliyosalia: elfu mbili mia tano na ishirini. Ikagawanyika kwa tatu. Akajaribu kwa nne, kwa saba, kwa tisa, kwa kumi, kwa raha zake tu, na hapakuwa na baki. Ndugu wakakumbatiana. Wapita njia wakashukuriwa, marehemu akasindikizwa kaburini, na kabla ya saa sita milamula ya mipaka ilikuwa imepandwa.

Kokuberwa alipanda basi kwenda Nshambya, kwa rafiki yake Klaudia. Kondakta alimkatia tiketi mbili, ya pili ya mbuni. Kokuberwa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Byarugaba alilikimbilia basi, akamshika mkono dirishani.

"Asante sana kwa kutupatanisha," alisema. "Ila Julai urudi, dada. Mibuni ni mingi, nani atachuma?"