Mbegu Haiombi Jina

...na anapuliza tena, hah, hah, juu ya muhuri uliokauka, Ndugu Antipasi, katibu wa kijiji chetu, anaupuliza kama mtu anayepasha moto viganja asubuhi ya Julai, na insha yangu iko mezani mbele yake, Kwa Nini Nataka Kuwa Mwalimu, na gari la Singida likitoka Shelui litachukua bahasha ya chuo au litaiacha, leo ndiyo mwisho, hah, gonga basi, gonga kabla hujasoma... lakini anasoma, tena kwa sauti, "Mbegu haiombi jina, yaomba mvua, na mtoto ni mbegu," anavua miwani, "Damari! Binti Gaspari! Maneno haya umeyatoa wapi?" nami nasema, "Kichwani, Ndugu Katibu," na benchi linalia chini yangu, au ni Petro amejisogeza, Petro binamu yangu, goti lake karibu na goti langu, insha yake iko palepale mezani, chini ya yangu, haijasomwa... kichwani, ndiyo, lakini yaliingiaje kichwani, yaliingia kwa sikio, siku ile tunapura uwele wa shamba la ujamaa, vumbi puani, fimbo zinashuka pamoja, pu, pu, pu, Petro akaimba kwa Kinyiramba wimbo wa mbegu, wake, aliutunga akichunga mbuzi, sikuwahi kuusikia kwa mtu mwingine, na mikono yangu ikasahau kuchoka... mimi niliugeuza kwa Kiswahili, Kiswahili ni changu, si ndiyo, kugeuza nako ni kazi, na shamba ni letu, majembe ni yetu, uwele wote unaingia ghala moja, kwa nini neno peke yake liwe na mwenyewe... nilijiambia hivyo kalamu ikiwa mkononi, kisha chini kabisa nikaandika kama chuo kilivyotaka, insha hii ni kazi yangu mwenyewe, nikatia sahihi, herufi nzuri, hazikutetemeka... leo njiani Petro anatafuna bua la mtama, ananiambia, "Dada, mimi nimeanza na ule wimbo wangu wa mbegu, unaonaje, watanicheka?" nikasema hawatakucheka, nikasema tukaze mwendo, hilo tu, njia yote ilikuwa mbele yetu, nami nikaitumia kutembea... "Unasikia, Petro?" anasema Katibu, "mwenzako ana kichwa! Wewe umetuletea nini, uji wa jana?" na Petro anacheka, kicheko kifupi, anatazama viganja vyake, mimi hanitazami, hah, muhuri, hah... sasa ataifunua ya pili, ataikuta mbegu ileile, mvua ileile, atauliza nani kamwibia nani, na iliyosomwa kwanza ndiyo itakayoaminiwa, wimbo utamgeuka aliyeuzaa... "Ndugu Katibu," sauti ya Petro, polepole, "samahani, yangu naomba unirudishie. Nitaomba mwakani." "Mwakani! Umeota nini wewe?" "Ina makosa," anasema Petro... ina makosa, makosa yangu, na yeye ndiye anayeyabeba kwenda nayo nyumbani, mwaka mzima, nyuma ya mbuzi, akiimba nini sasa, ataimba nini... bibi Magdalena alitufundisha kwenye uwanja wa kupuria, sote, hata wenye meno ya maziwa, ukidaka wimbo wa mwenzako unamtaja kwanza, nimepokea kwa fulani, ndipo unaimba, na usipotaja hakuna anayekugombeza, fimbo zinasimama tu, zote, zinabaki juu, unasikia upepo kwenye makapi, unasikia pumzi yako mwenyewe, mpaka utaje... niliimba siku moja wimbo wa shangazi Sara, mtoto mimi, nikakimbilia utamu nikaruka jina, nazikumbuka zile fimbo hewani, nilidhani hazitashuka tena maisha yangu yote... na uwele ule tulikuwa tunauchanganya, wa huyu na wa yule, hakuna aliyeuliza punje ni ya nani, lakini wimbo, wimbo ulitembea na jina lake, watu walewale, uwanja uleule... mbegu haiombi jina, sawa, ila Petro si mbegu, Petro amekaa hapa, goti lake limeacha kugusa langu... na nikisema, huenda bahasha itaondoka na yake tu, huenda itaondoka bila hata moja, baba atauliza, nitarudi shambani na herufi zangu nzuri... na nisiposema nitasimama mbele ya watoto, chaki mkononi, nitawaambia nini, imbeni, nami nitasikia upepo kwenye makapi... hah, anapuliza Katibu, muhuri uko juu ya karatasi yangu, haujashuka, anamtazama Petro, Petro anatazama sakafu, barabarani gari bado halijasikika, hakuna kilichosogea, ila mimi nazisikia fimbo zote ziko juu, zinaningoja, na mdomo wangu umekauka kama muhuri ule, lakini jina limekwisha kaa kwenye ulimi, navuta pumzi, Ndugu Katibu, nimepokea kwa...