Mwenyekiti Aliyetawala kwa Kiwiko

Kila neno la habari hii ni kweli. Likipatikana moja la uongo, kondoo wangu dume mweusi achinjwe, aliwe, na kisu nikishike mimi mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyoapa nyumbani kwa Satarkul, zamu yake ya kutulisha ilipofika. Sisi wastaafu wa bonde letu huzunguka hivyo majira yote ya baridi, leo kwako, kesho kutwa kwangu, mpaka theluji iyeyuke. Sharti letu ni moja: anayefumaniwa na uongo hulisha wote bila kungoja zamu.

Kondoo yule nampenda kuliko pensheni yangu. Pensheni haijawahi kunifuata mpaka mlangoni. Mke wangu Zuura, muuguzi mstaafu wa zahanati yetu, hamtaki hata kumsikia. Siku moja kondoo huyo alimpiga kumbo la nyuma, mwenyewe kabeba ndoo mbili za maji, mama wa watu akaanguka thelujini miguu juu, nami nikacheka kabla sijafikiri. Kicheko kile ndicho kilichoniponza, kama mtakavyoona.

Basi siku hiyo kichwa cha kondoo kilikuwa kimetua mbele yetu kwenye sinia, na Satarkul, aliyekuwa daktari wa mifugo, alikuwa akikichambua kwa madaha. Akauchota ubongo, akauinua.

"Huyu," akasema, "ndiye mwenyekiti wa mwili. Asipotoa amri, hata kidole hakipindi."

"Usidanganye watu wazima, wewe daktari wa mbuzi," nikamwambia. "Mwenyekiti akilala, mwili unaendelea. Uliza sisi tuliofanya kazi ya simu."

"Haya, Sagyn kashaanza," akasema Zuura. "Shikeni bakuli zenu."

Nikawaeleza. Nilipanda nguzo za simu za bonde hili tangu nina meno yote, na kitabu cha daktari nilikisoma mwenyewe juu ya nguzo, mvua ikinyesha. Mwili na simu ni ndugu. Ubongo ni ofisi kuu. Ule uzi mweupe uliomo ndani ya uti wa mgongo, ambao sote hapa tumeunyonya kwenye mifupa, ni laini kubwa iendayo barabarani. Neva ni nyaya ziendazo malishoni, kila moja na kazi yake: hizi hupeleka habari juu, "huku baridi", "huku kunauma", zile huleta amri chini, "nyanyua", "kimbia". Lakini moto ukiwaka malishoni, mnangoja ofisi kuu ipokee simu? Ofisi kuu wanakunywa chai! Uti wa mgongo unajibu palepale, mkono unaondoka motoni, na ubongo unaletewa taarifa baadaye ili useme ulikuwa mpango wake.

"Kama wilayani," akasema mmoja, na wengine wakatazama mlango.

"Basi nitawapa ushahidi," nikasema. Hapo ndipo nilipoapa kwa kondoo.

Zamani za shamba la ushirika tulikuwa na mwenyekiti, Abdylas, mtu wa amri. Huwezi kukama jike la farasi bila karatasi yenye muhuri wake. Mwanzoni mwa baridi, farasi asiyejua vyeo alimpiga teke la kichwa. Tukamnyanyua, tukamkalisha kwenye kiti chake. Macho wazi, pumzi inakwenda, moyo unadunda, maana hiyo ni kazi ya shina la ubongo kule chini kisogoni, na shina halikuguswa. Juu ya hapo, kimya. Unamsalimu, anakutazama kama ukuta.

Naibu wake akalia. "Sagyn, ndugu yangu, wilaya ikijua, wataniletea mwingine. Huyu angalau tumemzoea."

"Nyaya zake ziko sawa," nikamwambia. "Ofisi kuu tu haipokei."

Nikachukua nyundo yangu ndogo ya kazi, nikaifunga kitambaa. Nikamwekea muhuri mkononi, nikagonga juu kidogo ya kiwiko, nyuma, penye ile kano ya msuli. Mkono ukanyooka, paa! Muhuri ukatua kwenye karatasi, wazi na safi kuliko alipokuwa mzima. Nikagonga chini ya pia ya goti, mguu ukaruka mbele.

Tangu siku hiyo nilikaa chini ya meza ya mwenyekiti. Ombi zuri, nagonga kiwiko. Ombi baya, nagonga goti, na mwombaji anatoka nje akisema, "Leo mwenyekiti ni mkali, karibu anipige teke." Watu wakamheshimu maradufu. Hotuba hazikuwepo, kwa hiyo wachungaji walirudi malishoni mapema, na kondoo wakanenepa. Sufu ikajaa ghala. Wajumbe wakaja kutoka wilayani na nishani. Walipomchomeka nishani hiyo kifuani, pini ikapenya shati, Abdylas akashtuka akainama mbele.

"Tazameni unyenyekevu!" akasema mkuu wao, na wote wakapiga makofi. Hao nao, nikajiuliza kule chini, amewagonga nani?

Majira ya kuchipua akazinduka. Ubongo ukarudi kazini na amri yake ya kwanza: kondoo wote wakatwe manyoya siku hiyohiyo. Nje theluji inaanguka. Naibu alinijia machozi yakimtoka. "Sagyn," akasema, "yule farasi bado yupo?"

Nyumba nzima ilicheka. Satarkul alijifuta macho kwa kiganja, akanyoosha kidole. "Uongo huu! Abdylas baridi ile alikuwa mjini Frunze, anatibiwa jino!"

"Shahidi wako nani?"

"Kafa."

"Na wangu wote wamekufa. Tumetoka sare."

Ningenyamaza hapo, kondoo wangu angekuwa hai anakula nyasi za watu. Lakini ulimi ukishaonja makofi hauombi ruhusa. Nikasema, "Na miezi ile chini ya meza ilinifunza jambo. Nililifundisha goti langu. Tangu wakati huo haliruki mpaka nilipe idhini. Na hilo nalo limo ndani ya kiapo."

Zuura akaweka bakuli chini, taratibu mno.

"Mzee wangu," akasema, "panda juu ya lile sanduku la mablanketi."

Wakaondoa mablanketi, wakanikalisha juu ya sanduku la bibi wa nyumba, miguu ikining'inia. Satarkul akasimama mbele yangu na bakuli la supu akisubiri ushindi, na mkewe akamkabidhi Zuura mfupa wa paja la kondoo. Zuura akanigonga goti. Nikakaza paja mpaka likawa gogo. Mguu haukutikisika.

"Mmeona?" nikasema. "Idhini sijatoa."

"Mmeona anavyokaza?" Zuura akawauliza. "Wagonjwa wangu wote walikuwa hivihivi. Mzee, fungamanisha vidole vyako, mkono kwa mkono, uvute kwa nguvu. Vuta! Na unitajie, yule kondoo siku aliponiangusha, nilikuwa nimevaa kilemba cha rangi gani?"

Jamani, nani hukumbuka kilemba? Nilivuta, nikawaza, nyeupe, hapana, kile chenye maua, na mfupa ukagonga.

Mguu wangu ulikwenda zake. Ulilipiga bakuli la Satarkul, supu ikapanda juu ikamshukia kifuani. Aliruka nyuma hatua nzima ndipo akapiga ukelele, na mimi nikamnyooshea kidole: "Mnaona? Mwili kwanza, ubongo baadaye! Nilisema!"

"Ulisema pia goti lako lina adabu," akajibu Zuura. "Kilemba kilikuwa cha kijani. Kondoo."

"Kondoo!" wakaitikia wote kwa pamoja, bila hata mmoja kufikiri.

Nilitetea kwamba goti ni langu lakini uti wa mgongo haukuwepo wakati naapa. Hawakunisikiliza. Asubuhi Zuura alinoa kisu mwenyewe, akanipa mpini. Mweusi wangu alinifuata kutoka zizini bila kamba, kama kawaida yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Walikuja wote. Satarkul, mwenye shati jipya, alipewa kichwa kwa heshima ya kuungua. Akauchanganya ubongo na supu, akawagawia wageni, mimi akaniruka. Kisha akakata sikio, lile tunalowapa watoto ili wajifunze kusikia, akampa Zuura, naye akaniwekea kiganjani.

"Kula, mzee wangu."

Nikala. Lilikuwa gumu, na chumvi Zuura aliizidisha.