Kipande cha Mwisho cha Mama Kufuli

Wiki ile watu wa Nordvik, Minnesota, waligundua kwamba wote walimlea Marlys Tollefson. DeLoris Haugen, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, ndiye aliyekuwa akimwita Marlys "kunguru" shuleni kwa sababu ya koti lake la kuazima. Sasa alikuwa akiusimulia mji mzima jinsi alivyompa penseli yake ya kwanza. Hata Mchungaji Lindahl, aliyehamia juzi tu, alisema ana hakika mchungaji wa zamani alimwombea. Ukiwa mwandishi maarufu wa watoto huna shida ya walezi. Wanaota kama uyoga.

Ardis, dada mkubwa wa Marlys, alikuwa na jambo moja tu rohoni. Chumba kipya cha watoto pale maktaba kilikuwa kinapewa jina, naye alitaka kiitwe kwa jina la mama yao, Gudrun, aliyesugua sakafu za maktaba ile miaka ishirini na sita, huku Marlys akisoma bure kando ya hita. Kamati ilimsikiliza kwa adabu zote, ikammiminia kahawa, kisha ikaenda kuchonga "Chumba cha Marlys Tollefson" kwenye kibao cha shaba.

Hilo angelimeza. Lililomkwama kooni ni Mama Kufuli. Katika vitabu vya Marlys kuna kifaranga cha bata chenye njaa, na kuna jimama linalofungia mkate kabatini: kitambaa kichwani, ndoo mkononi. Kila mwandishi wa gazeti alipouliza jimama hilo limetoka wapi, Marlys alitazama dirishani, akapangusa jicho kavu, akasema, "Nyumbani."

Jumamosi mchana chumba cha chini cha kanisa kilifurika watu waliokuja kumpongeza Marlys, na kibao cha shaba kilikuwa mezani kikisubiri kutundikwa. Kila mama alikuja na trei yake ya chakula, na chini ya kila trei kipande cha selotepu ya karatasi kimeandikwa jina, ili ijue njia ya kurudi kwao. Rola la selotepu na kalamu vilikuwa pale pale kando ya birika la kahawa, kwa waliosahau. Ardis alileta keki ya tufaha ndani ya trei ya marehemu mama yao. Chini yake jina la Gudrun lilikuwa bado, limekuwa rangi ya chai.

"Mdogo wako kang'aa, shoga," DeLoris alimnong'oneza. "Wewe huoni fahari?"

"Naona. Namwona na mama yangu pale ukutani."

Ukutani watoto walikuwa wamebandika michoro ya Mama Kufuli. Mmoja alimchorea meno ya mamba.

Marlys alisimama, skafu ya hariri shingoni, sauti imelowekwa machozi. Alieleza baba alivyofariki, na hapo alisema kweli. Alieleza wachapishaji waliomrudishia kazi yake mara thelathini na moja, na hapo pia alisema kweli. Kisha akashusha pumzi. "Lakini njaa! Nyumbani kwetu, kipande cha mwisho sikuwahi kukiona."

Akina mama walitoa vitambaa. Mchungaji alipenga kamasi kama tarumbeta.

Ardis alitazama meza. Kila trei ilikuwa imebaki na kipande kimoja, maana Nordvik hakuna anayechukua cha mwisho. Watakikata nusu, na nusu ya nusu, mpaka kibaki kipande ambacho panya angeona haya kukiiba, lakini kukimaliza, hathubutu mtu. Akanyanyuka. Akachukua trei ya mama yake, akapita katikati ya watu, akaiweka mbele ya mdogo wake.

"Kula."

"Hapana, asante, dada," Marlys alicheka kidogo.

"Kula."

"Nimeshiba, kweli."

"Kula, Marlys."

Mara ya tatu huku kwetu haikataliwi. Marlys akala, watu mia moja wakimhesabia matonge. Alipomaliza, Ardis aligeuza trei juu chini, jina likaonekana.

"Hicho ndicho kipande usichowahi kukiona. Umekila kwenye trei hii utoto wako mzima. Mama alisema ameshiba, mimi nikasema nimeshiba, wewe ukaamini."

"Na kufuli?" Marlys aliuliza, uso umewiva. "Kufuli lilikuwepo, Ardis!"

"Lilikuwepo. Tulilinunua ulipomaliza keki ya msiba wa baba kabla wageni hawajafika!"

Mahali fulani kijiko kilianguka.

"Basi," alisema DeLoris, "nani aongezewe kahawa?"

Marlys alimsogelea dada yake sikioni. "Dada, nielewe. Mama anayelala njaa ili mwanawe ale, nani atamnunua? Nilimwandika hivyo mwanzoni. Wakamrudisha mara thelathini na moja."

Ardis alimtazama. Kwa mara ya kwanza siku ile alimwonea huruma, lakini haikumzuia. Alikwenda kando ya birika, akakata kipande cha selotepu, akaandika "Gudrun" kwa herufi kubwa, akakibandika kwenye kibao cha shaba, kikafunika kabisa jina "Marlys". Akachukua trei yake, akaenda zake nyumbani.

Kibao kilitundikwa vivyo hivyo. Kamati imekutana mara nne kulijadili jambo hilo. Lakini kubandua jina la mtu kwenye kitu chake ni wizi, na Nordvik hakuna mwizi, wapo waoga tu. Kila Ijumaa DeLoris hukifuta vumbi mwenyewe, selotepu akiipitia taratibu kwa ncha ya kitambaa isije ikang'oka.

Marlys ameshaliambia gazeti kwamba lile lilikuwa wazo lake.