Barua Ambayo Fundi Hakuiamini

Jina lake la nyumbani lilikuwa Komeo, na lilimfaa. Kazi yake ilikuwa kulinda kompyuta za hospitali zisiingiliwe na wezi wa mtandaoni, na kazi hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Baba yake, fundi wa kufuli aliyemlea peke yake, kila wiki alitumiwa na binti barua pepe ya uongo: umeshinda friji, akaunti yako inafungwa, bofya hapa haraka. Akibofya, baba anaosha vyombo. Akiutambua mtego, binti ndiye anayeosha. Mwanzoni mzee aliosha mpaka vidole vikamkunjamana. Sasa ulikuwa mwezi wa nane hajagusa sufuria, na majigambo yake hayakuwa na breki.

Ijumaa hiyo asubuhi Komeo alipita kwenye kibanda cha kufuli cha baba kabla ya kwenda kazini zamu ya mchana. Miezi mitatu alikuwa njia panda: arudi chuoni kusoma shahada ya uzamili, miaka miwili, mji mwingine, au abaki, ajisomee jioni, afanye mtihani wa cheti cha usalama wa mitandao ambacho bosi wake hakuchoka kukisifia. Chuoni alishaomba. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi, na chuo kimya.

"Nitafanya cheti, Baba. Chuo hawajanijibu. Na cheti ndiyo bora, waajiri wanataka mtu wa kazi. Wewe mwenyewe kufuli hukuzisomea darasani."

Alisema kwa uchangamfu uliozidi kipimo. Lililokuwa moyoni hakulisema: cheti kingemwacha nyumbani, na macho ya baba yalikuwa yanafifia. Siku hizi tundu la ufunguo alilitafuta kwa kupapasa.

Fundi akaweka chini tupa aliyokuwa akichongea ufunguo. "Mimi kufuli nafungua, mwanangu. Lakini ikija ya aina mpya nahangaika nayo wiki nzima, maana vidole vyangu vinajua, mimi mwenyewe sijui. Ningempata wa kunieleza kwa nini inafunguka, ningekaa darasani mpaka mvi zianguke." Akakuna kidevu. "Hicho chuo huwa kinaandika kwa barua pepe?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Basi nimeharibu."

Akampa simu. Kumbe kwenye fomu, pale panapoulizwa ndugu wa karibu, Komeo alijaza anwani ya baba, kisha akasahau. Jumatatu chuo kilikuwa kimeandika: binti yako amepata nafasi, athibitishe kabla ya saa sita mchana Ijumaa, abofye hapa. Mzee aliona tarehe ya mwisho, akaona "bofya", akacheka peke yake, akaandika jibu, akarudi kwenye kufuli zake.

Komeo akafungua barua zake mwenyewe, kule zinakotupwa za kutiliwa shaka. Nakala yake ilikuwa humo, imetupwa na kichujio alichokitengeneza yeye na kujisifia nacho ofisini. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ilikuwa saa nne na nusu. Alihesabu dakika zilizobaki, akazihesabu tena, na hapo ndipo alipojua anachokitaka, maana mtu hahesabu dakika za kitu asichokipenda. Lakini hata hapo hakubofya. Alitafuta kwanza namba ya ofisi ya udahili kwenye fomu yake ya zamani, akapiga kwa spika, akajitambulisha na kuuliza kama barua ile ni yao. Mazoea yana taabu.

"Wewe ndiye Komeo?" aliuliza mama aliyepokea.

"Jina hilo sikulijaza kwenye fomu."

"Baba yako amelitaja. Barua ni yetu, na nafasi yako ipo, nilikuwa nakungoja. Jibu lake tumelisoma ofisi nzima. Nikusomee?"

"Usisome, mama," fundi alisema kwa mbali. Mama akasoma.

"Komeo, nimekukamata tena, vyombo vinakungoja. Ila mtego huu mbaya, maana nimetamani uwe kweli. Najua unataka kubaki kwa ajili ya macho yangu. Macho ni yangu, usinibebee. Chuo kikikuita kweli, nenda. Nimefungulia watu milango miaka thelathini, sitaki wa mwanangu niwe nimeufunga mimi."

Komeo akalia bila kujificha. Fundi akajifanya anatafuta msumari.

"Unathibitisha?" aliuliza yule mama.

"Nathibitisha."

Simu ilipokatika, baba akauliza, "Na cheti?"

"Nitakifanya likizo. Kwanza vyombo vya leo unaosha wewe. Barua ya kweli umeiita ya uongo, umeshindwa."

"Hiyo nakubali."

"Na Jumatatu tunakwenda hospitalini kwetu kwa daktari wa macho. Usiseme utafikiria. Nataka jibu kabla ya saa sita."

Mzee akamtazama kwa karibu, jinsi alivyolazimika kutazama kila kitu siku hizi.

"Unaniharakisha," alisema. "Nathibitisha."