Pikapu ya Baba, Vyuma vya Jackline

Kuna watu wanasema mimi nimezaliwa na hasira. Sikatai. Lakini hebu lala wewe chini ya gari misimu miwili ya mvua, tope linakuingia mpaka sikioni, halafu aje mtu na raba nyeupe akushukuru eti umemtengenezea gari lake. Tuone kama utacheka.

Gari lenyewe lilikuwa la baba yetu, marehemu mzee Efraimu. Ni pikapu ya zamani ya foo-wili, zile za springi za majani mbele na nyuma. Baba aliitumia kubebea ndizi na maziwa kutoka kwetu huku juu ya Usa River, mpaka giaboksi ikapasuka, difu, zile gia za katikati ya ekseli, zikaisha meno na springi zikalala kabisa. Alipofariki ilikuwa imeegeshwa nyuma ya zizi, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Hakuna aliyeitaka. Mdogo wangu Lucky, ambaye ndiye kitindamimba wetu, alikuwa Moshono anauza simu, na kila akija nyumbani aliiita banda.

Mimi nilikuwa fundi wa pampu na matrekta kwenye shamba la maua kule chini. Nilipoachana na mume wangu nikarudi kwa mama, nikaanza kulizungukazunguka lile banda jioni nikitoka kazini. Nikagundua injini ni nzima. Injini tu, basi. Nikafukuza kuku, nikaanza kazi.

Sitaki kukuchosha na mambo ya spana, ila lazima ujue nilifanya nini, maana kesi yote iko hapo. Springi za zamani nilitupa zote nne, nikaweka nyingine ndefu zenye majani mengi, na shokapu za kuendana nazo. Gari likainuka kiganja kizima na zaidi. Sasa ukiinua gari namna hiyo, vingine vyote vinagoma. Ekseli ya mbele inalala vibaya, usukani unakuwa mwepesi na haurudi katikati wenyewe, ikabidi nichonge kabari za chuma za kuinyoosha. Propela, ile shafti ya kuzungusha ekseli, inakuwa fupi, nikaipeleka mjini, Unga Limited, ikaongezwe. Mipira ya breki inavutika, nikatafuta mirefu. Kuna hata kifimbo kule nyuma kinachoiambia breki kama gari limebeba mzigo au halijabeba. Usipokirefusha, chenyewe kinajua gari ni tupu siku zote, breki za nyuma zinalegea, na kwa miteremko ya huku utaishia kwenye kahawa za watu.

Giaboksi nikaweka nyingine. Ekseli zote mbili na difu zake nikaleta nyingine, zile ambazo ukivuta swichi magurudumu yote yanazunguka kwa pamoja hata kama moja limezama kwenye tope. Mshahara wangu wa maua uliishia pale. Na kila kitu nilikifungia uani kwa mama, kwa jeki mbili, magogo ya mgrevilea na mnyororo wa kunyanyulia niliouning'iniza kwenye boriti ya banda la majani. Mama alikuwa akipita ananiambia oili inamharibia mchicha. Sikumbuki neno lingine aliloniambia kuhusu ile kazi.

Siku pikapu ilipotembea, nilimwita mama mmoja anaitwa Siwema, msimamizi wa mradi wa mabomba ya maji huko juu karibu na msitu. Magari yao yalikuwa yanaishia njiani. Siwema aliijaza pikapu yangu mabomba, mvua imenyesha usiku kucha, akapanda pembeni yangu. Tulifika nyumba ya mwisho kabisa na hatukusukumwa na mtu. Aliposhuka akaniambia nianze Jumatatu, mimi na gari langu, mpaka mabomba yaishe kupanda. Nikaenda kuaga shambani kwenye maua. Kwa mara ya kwanza tangu niachike nililala nikijua nitakula jasho langu bila kumwomba mtu ruhusa.

Jumamosi asubuhi nasikia hodi getini. Ni Lucky, na raba zake nyeupe, na nyuma yake baba mkubwa Aminiel, ambaye ndiye mshili, msemaji wa ukoo wetu, na wazee wengine wawili. Niliwaamkia, wakaitikia wakitazama pembeni. Ukiona wazee wanakuitikia shikamoo hivyo, ujue wameshakaa kikao njiani.

Kwetu Wameru mambo yako hivi. Wakubwa wanakatiwa mashamba yao wanaondoka, kitindamimba anabaki na mama. Nyumba ya mama ni yake, na kilichomo ndani ya ua wa mama ni chake. Ua wenyewe ni masale, yale majani marefu ya kijani tunayopandia mipaka. Msichana hakatiwi kitu, anapewa chai na pole. Hayo nilikuwa nayajua tangu mdogo. Ila nilipokuwa nafunga vyuma vyangu mle ndani ya masale, wala sikuyafikiria. Ningekwenda kupanga yadi Engutoto nikalitengenezea kule, leo tusingekuwa na maneno. Ujinga wangu ulikuwa huo, na Lucky aliuona kabla yangu. Alingoja banda litembee.

Tulikaa barazani. Mshili akasafisha koo.

"Gari lilikutwa hapa," akasema. "Aliliacha marehemu. Liko ndani ya masale ya mama yenu. Ni la Lucky."

"Na mimi, baba mkubwa?"

"Kazi yako tumeiona, binti yangu. Hakuna anayekudhulumu. Kama kuna kitu ulikuja nacho kutoka nje, hicho ni chako. Kitoe kabla ng'ombe hawajarudi. Kitakacholala ndani ya ua ni cha ua."

Hiyo ni hukumu ya ng'ombe. Mgeni akija na ndama wake anaondoka na ndama wake, lakini akimwacha alale zizini anaanza kuhesabiwa wa zizi. Wazee wameitumia miaka yote na haijawahi kuwasumbua.

Lucky akacheka. "Achukue hata hizo jeki, mimi sina noma," akasema. Kisha akanigeukia kwa huruma, ile huruma ya kupigia picha. "Sista, wala usinune. Jumatatu unaenda kazini kama kawaida. Mimi nitamalizana na huyo mama wa mabomba, wewe unaendesha tu. Utakuwa dereva wangu."

Dereva wake. Kwenye gari ambalo alikuwa hawezi hata kulifungulia boneti. Nikamtazama mama, nikitegemea hata aseme jamani.

"Kubali, Jackline," mama akasema, huku akipepeta mchele. "Ni ndugu yako. Gari litabaki hapa hapa nyumbani."

Nakuambia ukweli, maneno ya Lucky yalinikera, ila ya mama yaliniuma. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani. Nikikubali, Jumatatu ipo, nitaendesha, na kila jioni nitamkabidhi Lucky ufunguo kwa mikono miwili. Nikikataa, Jumatatu haipo, na kule kwenye maua nimeshaaga. Hakukuwa na njia ya tatu.

"Nimesikia, baba mkubwa," nikasema. "Nitatoa nilichokuja nacho."

Wazee waliridhika, mama akaenda kuwapikia chai. Mimi nikavaa ovaroli, nikabeba sanduku la spana, nikaenda nyuma ya zizi. Lucky alikuwa anajipiga picha ameegemea bampa. Akadhani nimekuja kukusanya zana zangu.

Nikainua nyuma kwa jeki, nikasukumia magogo chini ya chesesi, nikaanza kulegeza nati za springi. Nilizifunga mwenyewe, najua hata ipi ina kutu. Lucky aliacha kupiga picha.

"We, unafanya nini?"

"Natoa nilichokuja nacho."

"Si jeki?"

"Na springi. Na shokapu. Na ekseli zote mbili, na difu, na giaboksi, na propela, na mipira ya breki. Jeki nitamalizia nazo, maana bado nazihitaji."

Alikimbia barazani. Wakaja wote, mshili bado ameshika kikombe. Nilitoka chini ya gari nikasimama mbele yake kwa adabu, mikono imejaa grisi.

"Baba mkubwa, ulisema nitoe nilichokuja nacho, au hukusema?"

Alitazama gari, akatazama kikombe. Mshili hawezi kumeza hukumu siku ile ile aliyoitamka, angechekwa mpaka kijiji cha Akheri.

"Nilisema," akajibu. "Lakini binti yangu, ukitoa hivyo, gari litatembea?"

"Lilipokutwa hapa lilikuwa linatembea?"

Mzee mmoja nyuma ya mshili aliguna akageuza uso, nadhani alikuwa anazuia kicheko. Nikarudi chini.

Ekseli ya nyuma ikatoka na magurudumu yake, nikaiviringisha mpaka getini, nikaipitisha nje ya masale, nikaiacha kando ya njia. Majirani walisimama kutazama, hakuna aliyenishikia hata kamba, kwa sababu ugomvi wa ukoo ni wa ukoo. Sikuwaomba. Giaboksi niliishusha kwa mnyororo kwenye toroli, ikanielemea, nikaanguka nayo mara moja karibu na mchicha wa mama. Mama alikuwa mlangoni. Hakusema kitu kuhusu mchicha.

Lucky alinifuata huku na huku. Kwanza alitukana, kwamba nina roho mbaya, ndiyo maana niliachika. Nikampita na toroli. Kisha akanitishia polisi, nikamwambia aende na mshili akawaeleze hukumu. Halafu akaanza kubembeleza, tugawane kazi, yeye siku tatu mimi siku tatu. Asubuhi angesema hivyo huenda ningemsikiliza. Kufikia saa hiyo nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma, na nitakuambia bila aibu, nilikuwa nafurahi. Kila nati niliyolegeza nilikuwa naiona Jumatatu yangu inakwenda, na bado nilifurahi.

Ilikuwa imebaki ekseli ya mbele tu. Nimelala chali, nimelegeza springi, ekseli imeshikiliwa na mnyororo na jeki moja, nikaona miguu mingi imesimama kuzunguka gari. Raba nyeupe, hazikuwa nyeupe tena. Viatu vya mshili. Malapa ya mama.

Nikajivuta nje nusu. Lucky alikuwa amekata jani la isale kwenye ua, amelifunga fundo, amelishika kwa mikono miwili.

Kama wewe si wa huku, isale huenda likakuchanganya. Ni jani tu. Lakini mtu akikuletea isale, umesamehe. Hata kama alimwaga damu kwenu, akija na isale unampokea, na anayekataa wanamkwepa kama mwenye kichaa. Mimi sijawahi kusikia aliyekataa. Watu hawachezi na kitu hicho, na Lucky alikuwa amelichuma kama tiketi.

"Dada," akasema. Siku nzima nilikuwa sista. "Nimekosa. Nisamehe."

"Isale halikataliwi, Jackline," mama akasema. Mara ya kwanza siku hiyo nilimwona ana hofu, na sijui alikuwa anamhofia nani kati yetu.

"Halikataliwi," mshili akaitikia, naye akapumua, maana ameokolewa kutoka kwenye hukumu yake mwenyewe.

Niliwatazama wote. Nilijua wanachongoja. Walikuwa wanangoja nipokee lile jani halafu niende getini nikarudishe vyuma, nivifunge kimoja kimoja, ninawe, ninywe chai, na Jumatatu niamkie usukani wa bosi wangu. Kwao msamaha wa msichana ulikuwa na spana ndani yake.

Nikasimama. Nikafuta mikono kwenye ovaroli mpaka nikaona ngozi, kwa sababu isale haliguswi na uchafu. Nikalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mama akasema Bwana asifiwe. Lucky akatabasamu, akajipangusa jasho, akaweka mguu mmoja chini ya bampa la gari lake, ametulia, anangoja.

Na nilimsamehe, nakuapia. Si kwa kuigiza. Lile fundo lilipofika kiganjani mwangu nilimwona mdogo wangu niliyekuwa nambeba mgongoni kwenda kuteka maji, na ile sumu yote ikanitoka. Sikuwa na kinyongo naye tena. Kule njiani kengele za ng'ombe wanaorudi zilikuwa zinakaribia.

Nikaliweka isale kwenye mfuko wa kifuani, nikalala tena chini ya gari, nikashika mnyororo.

"Nimekusamehe, Lucky," nikamwambia. "Nimekusamehe kabisa, mbele ya wazee na mbele ya mama. Injini nakuachia, ni ya baba. Sasa toa mguu wako hapo, difu inashuka."