Ni Kamba au Ni Mkono?

Swali la bosi lilikuwa fupi, ila lilimchoma Mama Pacha: "Ni kamba au ni mkono wako?"

Vipimo alivyochukua pale maabara vilitofautiana mno. Kamba wa kijito kimoja, waliovuliwa siku moja, huyu gamba la kichwani refu, yule fupi. Bosi, mtu mpole asiyependa kubahatisha, alihofia kwamba mkono ndio uliokuwa ukitetemeka kwenye kalipa ya kupimia. Mama Pacha hakubisha, ingawa nyumbani alikuwa na wawili waliolala tumbo moja, na mmoja keshampita mwenzake kwa kichwa kizima. Mkono ukionekana ndio wenye kasoro, kazi ya msimu mzima ingetupwa, naye angerudishwa kuosha vyupa.

Njia ilikuwa moja tu: kuwapima upya kamba wale wale bila kujua yupi ni yupi. Walikuwa hai, kila mmoja kwenye kikombe chake chenye namba. Akamwita wifi yake, msusi mwenye maneno mengi na usafi uliopita kiasi, afiche namba, ampe mmoja mmoja, kisha alinganishe na vipimo vya jana.

"Wifi, huyu anakutolea macho," msusi alisema. "Usimwangushe, ana familia."

"Nipe, acha maneno."

Bosi alisimama nyuma yao, mikono kifuani. "Sawa," wifi alikuwa akisema. "Sawa. Sawa tena." Raha ikaanza kumwingia Mama Pacha taratibu.

Ghafla wifi akarudia kusoma namba.

"Huyu hapana. Amezidi, tena sana."

Mama Pacha aliinama karibu. Akambonyeza yule kamba kwa ncha ya kidole. Alikuwa laini, gamba likibonyea.

"Huyu amekua," alisema polepole. "Amejivua gamba usiku."

"Amekua tangu jana?" Bosi alitikisa kichwa. "Mama Pacha, usinifunge kamba."

Wifi aliangua kicheko, akauona uso wa Mama Pacha, akakimeza.

"Gamba la zamani, nililolipima jana, liko wapi?" Mama Pacha alimuuliza. "Kwenye kikombe kulikuwa na nini?"

"Uchafu tu. Kitu chembamba hivi, kama plastiki. Nimekitupa."

"Umekitupa?"

Basi wote watatu wakapiga magoti kuzunguka pipa la taka, bosi tai yake ameitupia begani. Zikatoka karatasi, zikatoka pamba, likatoka ganda la ndizi ambalo kila mmoja alilikana. Aliyelipata gamba ni bosi mwenyewe. Lilikuwa limenata kwenye pamba, tupu, zima, na masharubu yake yote.

Mama Pacha alirudisha mikono nyuma. "Pima wewe, bosi."

Bosi akapima, akasoma namba kwa sauti. Wifi akatazama kipimo cha jana, kisha akapiga kigelegele kilichowatoa watu wa ofisi za jirani.

"Sawasawa! Hata unywele haujapungua!"

"Basi ni kamba," bosi alisema, akicheka mpaka mabega yanaruka. "Wenyewe tu hawafanani! Mama Pacha, kijito cha pili unaanza lini?"

Akamkabidhi kalipa. Mama Pacha aliipokea, na furaha ikamtetemesha mkono hadi ikamponyoka na kuanguka mezani. Hakuna aliyemuuliza kitu.